Kitabu Chenye Sahihi na Kibuyu cha Maziwa: Kumbukumbu za Tarime na Serengeti



Mmoja wetu ameolewa Tarime. Siku alipoondoka Unguja alikwenda na kasha la bibi yake. Ndani yake mlikuwa na doti za kanga, mswala, msahafu, na kitabu kimoja cha zamani ambacho jalada lake limeshaanza kuachia. Kitabu chenyewe si cha bei. Lakini ukurasa wa mbele una maandishi ya mkono: jina la bibi, jina la mwalimu wake wa kike aliyempa, na mwaka. Bibi alikuwa akisema hiyo ndiyo zawadi ya kwanza aliyopewa kwa ajili ya akili yake, si kwa ajili ya sura yake.

Alipofika ukweni, mavyaa wake akamtolea kibuyu cha maziwa. Kilikuwa kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi mwembamba wa ngozi, mshono mzuri kama wa kofia ya kiua. Mavyaa akamwambia kibuyu kile kilikuja naye siku alipoolewa, na kabla ya hapo kilikuwa cha mama yake. Basi wakakaa wawili, mmoja na kitabu chake, mwingine na kibuyu chake, wakaelewana kabla hata lugha haijawakaa sawa.

Miezi michache baadaye bibi mkubwa wa nyumba ile, mama wa baba mkwe, akafariki. Nyumba ikasafishwa kwa haraka kupokea wageni wa msiba. Chini ya kitanda palikuwa na daftari ambalo bibi alikuwa akiwaandikisha wajukuu wake wanaojua kuandika: binti fulani ameolewa wapi, nani alimsindikiza, walikuja ng'ombe wangapi, na ukifika kijiji kile uulize nyumba ya nani. Hakuna aliyelifungua. Lilitolewa nje pamoja na magazeti ya zamani, na wiki ile ile kurasa zake zikaonekana sokoni zimekunjwa kufungia karanga. Dada yetu aliukuta ukurasa mmoja mkononi mwa mtoto. Anao mpaka leo.

Hatumlaumu mtu. Sisi wenyewe huku visiwani tumechoma mikeka mizuri, tumeuza makasha kwa bei ya mbao, na tumewapa watoto barua za mabibi zetu wazichoree. Lakini ukurasa ule ulitukalisha chini. Tukaanza kuuliza: kumbukumbu za watu wa Tarime na Serengeti ziko wapi? Nani alizikusanya, nani alizipeleka mbali, na mwanamke anayeolewa leo anaweza kutunza nini? Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwanamke na amana ya maandishi

Tuanze nyumbani kwetu katika dini. Baada ya kufariki Mtume (S.A.W), Qur-ani ilikusanywa katika kurasa wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A). Kurasa zile zikakaa kwake, kisha kwa Sayyidna Umar (R.A), na alipofariki zikabaki kwa binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (R.A). Sayyidna Uthman (R.A) alipotaka kuandikisha misahafu ya kupelekwa miji mbalimbali, aliziomba kurasa hizo kwa Bibi Hafsa, zikanakiliwa, na akarudishiwa mwenyewe.

Tazama mambo matatu yaliyomo humo. Maandishi yenye thamani kuliko yote katika umma huu yaliwekwa mikononi mwa mwanamke. Yalipohitajika, yaliombwa, hayakuchukuliwa. Na baada ya kunakiliwa yakarudi kwa aliyeyatunza. Kuomba, kunakili na kurudisha. Tutayakumbuka haya matatu mbele, kwa sababu waliokusanya vitu vya watu wa Mara si wote waliyafuata.

Mstari mmoja uliotugusa sote

Huenda mtu akasema, Tarime ni mbali, sisi watu wa bahari na wao watu wa ng'ombe, tuna nini nao? Tunao mwaka 1886.

Mwaka huo Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana Afrika Mashariki kwa mapatano. Karatasi hiyo hiyo ilimwekea mipaka Sayyid Barghash: akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, naye baadaye mwaka huo huo akakubali kwa kukosa la kufanya. Na karatasi hiyo hiyo ikachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, ukaizunguka Kilimanjaro, ukaenda moja kwa moja mpaka ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, penye digrii 1 kusini ya ikweta. Mstari huo ulipita katikati ya Wakuria. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta wengine upande wa Ujerumani na wengine upande wa Uingereza. Leo ukisimama Sirari, upande wa pili ni Isebania, Kenya, na bibi wa huku ana shangazi wa kule.

Kabla ya mstari huo kulikuwa na njia za misafara. Ushanga ulioshonwa kwenye ngozi na viuno vya wanawake wa bara ulipitia kwenye bandari zetu, na pembe za ndovu zilizotoka bara zilipitia Unguja zikielekea Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mwanamke wa Mara aliyevaa shanga na mwanamke wa Mji Mkongwe aliyefungua kasha lake walikuwa kwenye ncha mbili za biashara moja. Biashara hiyo ilikuwa na mazuri yake, na ilikuwa na machungu yake pia, na watumwa ndio waliobeba machungu makubwa. Historia tunaichukua yote.

Waliokuja kukusanya mwanzo

Mwaka 1892 Oscar Baumann, mtu wa Austria, alipita katika nchi za Wamasai akaiona Ngorongoro, kisha akavuka nyanda za Serengeti kuelekea Ziwa Victoria. Alipita wakati mbaya. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe kwa makundi, na watu waliotegemea maziwa walikuwa wanakufa njaa mbele ya macho yake. Safari yake aliiandika katika kitabu kilichotoka Berlin mwaka 1894. Baadaye bwana huyo huyo akaja kuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria hapa Unguja, akaandika pia juu ya visiwa vyetu. Rafu moja ya vitabu vyake ina Serengeti na Zanzibar pamoja.

Baada yake walikuja maofisa. Wajerumani walijenga ngome Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, na magofu yake yapo mpaka leo upande wa Serengeti. Mmoja wa maofisa wa Kijerumani, Max Weiss, alichapisha mwaka 1910 kitabu kikubwa juu ya makabila ya kaskazini mwa koloni lao, na Wakuria wamo humo, pamoja na picha zao.

Leo vitabu hivi vya zamani ni adimu na huuzwa ghali Ulaya. Nakala yenye sahihi ya mwandishi huwa ghali zaidi. Sisi hatuwaambii muvinunue. Tunawaambia mvifahamu, kwa sababu ndani yake mna sura za mabibi wa watu. Mwanamke aliyepigwa picha na ofisa mwenye bunduki hakuulizwa kama anakubali, na mara nyingi hata jina lake halikuandikwa. Imeandikwa tu kabila lake na mapambo yake. Kuomba hakukuwepo, na kurudisha hakukuwepo. Ndiyo maana mkusanyaji wa leo, akishika picha kama hiyo, kazi yake ya kwanza ni kutafuta jina.

Daftari za wazee, na wanawake walioachwa nje

Lakini watu wa Mara hawakukaa kungoja wageni waandike. Katika vijiji vya kusini mwa mto Mara, wazee waliojua kusoma walianza wenyewe kuandika historia za watu wao kwenye daftari za skuli, kwa Kiswahili. Waliandika asili ya ukoo, walikohama, njaa kubwa na vita. Daftari hizo zilikaa kwenye masanduku ya nyumbani miaka mingi. Mwanahistoria mmoja Mmarekani aliyewahi kuishi Mara, Jan Bender Shetler, alizikusanya baadhi yake kwa ridhaa ya wenyewe, na mwaka 2003 zikachapishwa katika kitabu kimoja, maandishi ya Kiswahili yakiwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yeye pia aliandika mwaka 2007 historia ya Serengeti kama wanavyoikumbuka wenyeji wake, Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na wenzao, yaani nchi yenye makaburi, visima na mahame, si nchi ya wanyama watupu.

Hapa ndipo panapotuhusu hasa. Mwanzoni alipokuwa akiuliza historia, alielekezwa kwa wanaume. Wanawake wenyewe walikuwa wakisema hawajui historia, nenda kamuulize mzee fulani. Baadaye ndipo ikaonekana kuwa wanawake walikuwa na historia ya aina nyingine. Wanaume walisimulia kabila: tulitoka wapi, tulipigana na nani, mpaka wetu uko wapi. Wanawake walisimulia watu: nani ameolewa wapi, urafiki gani uliokoa familia wakati wa njaa, njia gani ilipitwa kwenda kwa shangazi ng'ambo ya mpaka wa kabila. Alikiandikia jambo hilo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2019.

Tuliposoma hayo tukakumbuka lile daftari la karanga. Bibi yule wa Tarime hakuwa anaandikisha "mambo ya kike tu." Alikuwa anahifadhi ramani ya ndugu. Katika nchi iliyokatwa na mpaka wa mataifa, na ambako watu wameuana kwa sababu ya wizi wa ng'ombe na ugomvi wa koo, kujua kwamba kijiji cha adui kina binti yenu aliyeolewa huko ni jambo linaloweza kuzuia damu. Daftari kama hilo ni adimu kuliko kitabu chochote chenye sahihi, kwa sababu nakala yake ni moja tu duniani.

Vitabu gani vinaisema Tarime?

Mtu akitaka kuanza rafu ndogo ya vitabu vya Tarime, aangalie asikusanye upande mmoja. Kipo kitabu cha Michael Fleisher cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe kwa Wakuria wa mpakani. Ni kazi ya utafiti wa dhati, lakini ukikisoma hicho peke yake utadhani kila nyumba ya Tarime ina mwizi. Kiwekeni pamoja na cha Eva Tobisson cha mwaka 1986, kinachozungumzia maisha ya familia za Kikuria, na cha Malcolm Ruel cha mwaka 1997 kinachozungumzia imani na mila zao. Hapo mtapata picha ya watu kamili: wanaolima ulezi na mahindi, wanaofuga, wanaooa na kuozesha.

Na katika kuoa, kuna jambo ambalo bi harusi wa Kiislamu atalitazama kwa makini. Kwa desturi ya Wakuria, ng'ombe wa mahari huenda kwa baba wa binti, na mara nyingi ng'ombe hao hao ndio humwezesha kaka yake kuoa. Hivyo kaka na dada hufungwa pamoja na mahari, na kaka hubaki na deni la heshima kwa dada yake. Sisi katika Uislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, kama Sura An-Nisaa aya ya 4 inavyoamrisha wanawake wapewe mahari yao. Familia za Kiislamu za Tarime zinaishi baina ya mambo haya mawili. Dada yetu alipoolewa, mahari yake alipewa mkononi mwake, na baba mkwe akaongeza ng'ombe mmoja kwa wazee wa upande wake ili ndugu wajue kuwa ndoa imesimama. Karatasi ya mahari ile, yenye sahihi za mashahidi, ameiweka ndani ya kasha. Miaka 80 ijayo hiyo nayo itakuwa historia.

Nchi iliyofungwa, vitu vilivyopotea

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka yake ikabadilishwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Mwaka huo huo Mjerumani Bernhard Grzimek akatoa kitabu na filamu vilivyoitangaza Serengeti ulimwenguni. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati kazi hiyo inaendelea, na amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu ile ikapata tuzo ya Oscar. Kitabu kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na nakala zake za zamani hutafutwa na wakusanyaji.

Hatubezi kazi ile, na msiba wa mzazi tunauheshimu. Lakini kitabu kile kilikuwa cha wanyama kwanza. Kwa watu wa upande wa magharibi, waliokuwa wakiwinda na kuchimba dawa humo, na wenye makaburi ya mababu humo, nchi ile ilifungwa. Kisha mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji vya ujamaa, watu wakahamishwa tena kutoka kwenye maboma yao. Fikirini kina mama wanaohama kwa haraka. Utabeba nini? Utabeba mtoto, chakula na nguo. Jiwe la kusagia ulezi, lililolainishwa na mikono ya vizazi vitatu, halibebeki. Mtungi mkubwa haubebeki. Vilibaki kwenye mahame. Ndiyo maana vitu vya kale vya wanawake wa Mara ni vichache kuliko vya wanaume. Mkuki na ngao vilibebwa. Iritungu, zeze lile kubwa la nyuzi nane, lilibebwa. Jiko likabaki.

Vitu visivyokusanywa

Mkusanyaji mwenye adabu anajua pia asichokusanya.

Waikoma wana pembe za ndovu wanazoziita Machaba, ambazo kwa masimulizi yao zilitoka kwa mwaguzi wa Watatoga. Kwao ndiyo alama ya kuwa wao ni watu wamoja, na hazitolewi ovyo. Sisi Waislamu hatuna itikadi hiyo, na moyo wetu haufungamani na pembe wala jiwe. Lakini mali ya watu na siri ya watu tunaiheshimu. Kutokuamini kitu cha jirani hakukupi ruhusa ya kukinunua kwa mjukuu mwenye njaa aliyekiiba kwa babu yake.

Pili, pembe, ngozi, manyoya ya mbuni, kwato na mikia vyote ni nyara. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali, hata kama umeambiwa ni bangili ya bibi. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989. Msikubali zawadi ya harusi itakayowapeleka mahakamani.

Tatu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vya nchi, na kuvitoa nje kunataka kibali. Dada zetu mlio Muscat, Dubai na London, mkija likizo msibebe kitu cha zamani kwenye begi kwa kudhani ni pambo tu.

Na nne, tunaisema kwa uchungu. Msinunue picha wala vifaa vinavyotokana na kukeketwa kwa wasichana, hata vikiitwa "utamaduni." Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inamtia hatiani anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado Tarime na Serengeti wapo mabinti wanaokimbia nyumbani kila msimu wa Desemba. Historia yake iandikwe, na mabibi waliopitia wasikilizwe kwa heshima. Lakini maumivu ya mtoto si kumbukumbu ya kutundika ukutani.

Sahihi ni nini hasa?

Mkoa wa Mara una mtu mmoja ambaye sahihi yake inatafutwa kuliko zote. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, kusini mwa Tarime na magharibi ya Serengeti, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999. Makumbusho yenye jina lake yapo hapo hapo Butiama, na humo mna zawadi alizopewa na vitu vyake mwenyewe. Wengi humjua kwa siasa. Lakini alikuwa pia mfasiri: aliufasiri mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo wa 1969 ukatoka Mabepari wa Venisi. Matoleo ya kwanza ya vitabu hivyo bado yamo kwenye makabati ya walimu wastaafu, bara na visiwani, na wenyewe hawajui walichonacho.

Ukipata kitabu unachoambiwa kina sahihi, kitazame kwa utulivu. Sahihi iliyochapwa kiwandani ina rangi moja isiyopanda wala kushuka. Ya mkono ina mahali kalamu ilipokandamiza na mahali ilipoinuka, na ukigeuza ukurasa huenda ukaona alama ya mkandamizo au wino uliopenya. Tazama mwaka wa toleo: mtu hawezi kutia sahihi kitabu kilichochapwa baada ya kufa kwake, na wapo wanaouza vya namna hiyo. Uliza kitabu kimetoka kwa nani, na kabla yake kwa nani. Muuzaji asiyeweza kukujibu, mwachie kitabu chake.

Na ujue kwamba sahihi ya mtu mkubwa si ndiyo pekee yenye thamani. Kitabu cha bibi yetu hakina sahihi ya mwandishi. Kina sahihi ya mwalimu wa kike aliyeamini kuwa msichana anaweza kusoma. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, amesimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qur-ani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu kuandika hakukuonekana ni jambo la wanawake. Mengine ya maisha yake ni baina yake na Mola wake. Lakini kila tunapoona jina la mwanamke limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe kwenye kitabu cha zamani, tunaukumbuka mfupa ule.

Kasha lako, bi harusi

Sasa wewe unayejiandaa kuolewa, iwe Pemba, Tarime au Mugumu, fanya haya machache.

Weka kitu kimoja cha upande wako na omba kimoja cha upande wa mumeo. Omba, usichukue. Mavyaa akikwambia kibuyu bado anakitumia, kiache kitumike. Chukua picha yake na uandike maneno yake.

Kila kitu kiandikie karatasi yake: ni nini, kilikuwa cha nani, kilitoka wapi, nani alikupa na lini. Tumia penseli, kwa sababu wino huvuja. Usibandike karatasi kwa gundi wala kwa plasta.

Vitabu viepushe na unyevu. Hapa visiwani ukungu ni adui, na Mara adui ni mchwa, basi kasha lisikae chini kwenye sakafu wala kugusa ukuta. Usifunge kitabu ndani ya mfuko wa plastiki usiopumua. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu na uvibadilishe. Udi na mafuta yako mazuri, mpenzi, viache upande wa nguo. Moshi na mafuta huharibu karatasi.

Kibuyu kisitiwe mafuta ya dukani. Kikaushe kivulini na kikae mahali penye hewa. Kikipasuka, tafuta fundi wa kushona kwa ngozi kama walivyofanya wa zamani, usikitie gundi.

Daftari lolote la mzee lipigwe picha kurasa zote siku ile ile ulipoliona, na nakala ibaki na zaidi ya mtu mmoja. Asili irudi kwa mwenyewe. Huo ndio mwendo wa kurasa za Bibi Hafsa.

Na la mwisho, kaa na mabibi. Usiwaulize "historia ya kabila," watakwambia hawajui. Waulize: uliolewa lini, nani alikusindikiza, ulibeba nini, na siku ya njaa ulikimbilia kwa nani? Utashangaa na majibu yake.

Dada yetu ameanza upya lile daftari. Amenunua jipya gumu, na ule ukurasa mmoja uliookoka ameuweka mwanzo, ndani ya bahasha. Mavyaa husema, yeye huandika. Wameshafika majina 43, na watatu kati yao wako ng'ambo ya Sirari. Mwezi uliopita mmoja wa hao watatu alifiwa. Kwa kuwa jina na kijiji chake vimo daftarini, familia ya Tarime ilijua, ikavuka, ikafika kumzika ndugu yao.

Mwenyezi Mungu awarehemu mabibi zetu wote, waliojua kuandika na wasiojua, na atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana zao. Amin.